Chupa tatu za mwaka aliozaliwa binti yetu: zitafika siku ya harusi?

Swali: Shemeji yangu anafanya kazi Ufaransa. Alipokuja likizo Desemba alituletea chupa tatu za mvinyo mwekundu, Château Léoville Barton wa mwaka 2010, kwa sababu binti yetu alizaliwa mwaka huo. Mume wangu anataka tuzitunze zote hadi siku binti atakapoolewa. Tunakaa Mikocheni, Dar es Salaam, na kwa miezi minne sasa zimesimama kwenye kabati la vioo sebuleni. Nimesikia kwamba mvinyo mzuri ukikaa ndivyo unavyozidi kunoga. Ni kweli? Na mimi ambaye sijawahi kuonja mvinyo wa namna hii, siku tukifungua nitajuaje kwamba ni mzima?

Jibu: Dada yangu, kabla hujaendelea kusoma, nenda kazitoe chupa hizo kwenye kabati la vioo. Zifunge kwa gazeti, uzilaze kwenye droo ya chini ya friji yenu, ile ya mboga. Hayo si makazi yake ya kudumu na nitaeleza kwa nini, lakini kwa leo ni afadhali sana kuliko sebuleni. Ukishamaliza rudi tuzungumze taratibu, maana shemeji yako amewaletea kitu kinachostahili mazungumzo marefu.

Saint-Julien, kulikotoka mvinyo huo, ni kijiji kidogo cha Médoc, kaskazini mwa jiji la Bordeaux, kando ya mlango mpana wa mto uitwao Gironde. Mizabibu yake imesimama juu ya vilima vya changarawe. Changarawe haituamishi maji, kwa hiyo mizizi hulazimika kuyafuata chini, na yale mawe hushika joto la mchana yakalirudisha jioni. Wenyeji wa huko husema kwamba mizabibu bora ni ile inayoutazama mto. Léoville zamani lilikuwa shamba moja kubwa. Likagawanyika, na leo mashamba matatu yanabeba jina hilo: Las Cases, Poyferré na Barton. La kwenu alilinunua Hugh Barton, mfanyabiashara wa mvinyo wa ukoo uliotoka Ireland, mwaka 1826, na mpaka leo limo mikononi mwa ukoo huohuo. Ukiitazama lebo utaona jumba zuri limechorwa. Hilo ni jumba la Langoa, shamba la jirani ambalo Hugh alikuwa amelinunua mwaka 1821. Léoville Barton halina jumba lake.

Pale kwenye lebo yameandikwa pia maneno yanayotaja mwaka 1855. Mwaka huo Napoleon III aliandaa maonyesho makubwa Paris, na madalali wa mvinyo wa Bordeaux wakaombwa orodha ya mashamba bora. Waliyapanga kwa bei, kama madalali wafanyavyo, katika madaraja matano. Barton likaingia daraja la pili. Orodha hiyo imebaki karibu ilivyokuwa; badiliko kubwa lilikuja mwaka 1973, Mouton Rothschild lilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Ninaitaja kwa sababu watu wengi wakiona maneno hayo huacha kuonja na kuanza kusujudu. Daraja linakuambia shamba lina sifa gani. Kuhusu hali ya chupa iliyokaa miezi minne Mikocheni, halina la kusema.

Mwaka wenyewe ndio bahati yenu. 2010 ulikuwa mwaka mkavu Bordeaux, na usiku wake ulikuwa wa baridi. Zabibu zilitoka ndogo, ganda nene, zenye uchachu uliobaki mkali na ukakasi mwingi. Mwaka uliotangulia, 2009, ulikuwa wa joto, na mivinyo yake ilipendeza mapema. Ile ya 2010 ilizaliwa migumu, na walioinunua waliambiwa wasubiri. Kwa binti mwenye miaka yake na harusi iliyo mbali, kama mngechagua wenyewe msingepata mwaka unaofaa zaidi ya huo.

Sasa, je, mvinyo ukikaa unazidi kunoga? Mingi, hapana. Sehemu kubwa ya mvinyo unaotengenezwa duniani umekusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache. Ukiuweka, unachakaa tu. Mvinyo unaofaidika na umri unahitaji vitu viwili kwa wingi, uchachu na ukakasi. Ukakasi unaujua vizuri. Uma bibo lisiloiva vizuri, au ndizi mbichi, usikie ulimi unavyokauka na fizi zinavyobana. Hiyo ni tanini. Ndani ya mvinyo hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kiasi kwenye mbao za mwaloni za mapipa ya lita 225 ambamo mvinyo wa aina hii hukaa mwaka na nusu hivi kabla ya kutiwa chupani. Chupani, polepole mno, chembe za tanini na chembe za rangi hushikana, zikawa nzito, mwisho zikazama. Ndiyo mashapo meusi utakayoyaona chini ya chupa. Si uchafu wala si ishara ya kuharibika. Mdomo unakuwa laini, rangi inapungua zambarau na kuelekea tofali. Harufu nayo inahama. Matunda mabichi yanarudi nyuma, na mbele yanakuja mambo ambayo hayakuwepo siku ya kwanza: tumbaku kavu, mbao za mwerezi, ngozi, uyoga, majani makavu baada ya mvua. Kisha, baada ya kukaa kileleni kwa muda, mvinyo unashuka. Tunda linaisha, unabaki uchachu na harufu ya kuzeeka.

Kwa chupa ya Léoville Barton 2010 iliyotunzwa vizuri tangu mwanzo, maoni yangu ni kwamba tayari inanyweka kwa raha, na inaweza kufika 2040 bila kuchoka. Kwa hiyo harusi si tatizo. Tatizo ni lile neno nililolipitia haraka: iliyotunzwa vizuri.

Ghala la mvinyo la chini ya ardhi kule Bordeaux huwa na joto la nyuzi 12 hadi 14, na karibu halibadiliki mwaka mzima. Sebule ya Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Aprili hucheza kwenye 30 na zaidi. Wanakemia wana kanuni ya jumla kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, mabadiliko mengi ya kikemikali huenda kasi mara mbili au zaidi. Piga hesabu ya juu juu uone: miezi yenu minne ni kama mwaka mzima au zaidi wa ghalani. Kama ingekuwa kasi tu tungesema basi, mvinyo unakomaa haraka, tutaunywa mapema. Lakini kwenye joto kali hauzeeki kwa njia ileile. Tunda linapikika, linanukia jemu na zabibu kavu, na ile harufu ya mwerezi na tumbaku mliyokuwa mkiisubiri haiji kabisa. Nilipokuwa najifunza kazi hii ya mvinyo Bordeaux, mkubwa wetu wa ghala alitumiminia glasi mbili bila kutuambia kitu. Tulikubaliana sote kwamba moja ilikuwa na umri wa miaka kumi zaidi. Zilikuwa chupa mbili za kasha moja, isipokuwa moja ilikaa miaka miwili kwenye rafu ya jikoni, juu ya jiko. Sijawahi kuisahau ile glasi ya pili. Ilikuwa kama kumwona mtu unayemfahamu akiwa mgonjwa.

Kinachoumiza kuliko joto lenyewe ni joto linalopanda na kushuka. Mchana mvinyo unatanuka na kusukuma kizibo, usiku unanywea na kuvuta hewa. Wale wanaowasha kiyoyozi jioni na kukizima asubuhi, wakidhani wanautunza, wanaupigisha pampu kila siku. Na kusimamisha chupa kunaongeza balaa, kwa sababu kizibo kinakauka na kulegea. Mwanga nao ni adui, ndiyo maana kioo cha chupa ni cheusi. Kabati la vioo, dada, limekusanya maadui wote wanne mahali pamoja. Sikulaumu, kwa nyumba nyingi ndipo mahali pa heshima pa kuweka kitu cha thamani.

Kabla ya kuwa na hofu, zikague. Angalia kofia ya bati shingoni. Ukiizungusha kwa vidole ikazunguka kwa ulaini, ni dalili njema. Ikigoma kabisa, au ukaona michirizi ya rangi nyekundu iliyokauka, inawezekana mvinyo umevuja. Papasa juu: kizibo kikiwa kimeisukuma kofia ikatuna, kimesukumwa na joto. Kisha isimamishe chupa mbele ya taa utazame mvinyo umeishia wapi. Kwa umri huu unatakiwa uwe bado ndani ya shingo. Ukiwa umeteremka hadi mabegani, umepotea mwingi na hewa imeingia kuziba nafasi. Zikipita mitihani hii mitatu, sioni sababu ya kukata tamaa. Miezi minne ya Dar haiui mvinyo wenye mifupa kama ya 2010. Inaula umri.

Makazi ya kudumu. Friji ya kawaida ni kavu, baridi yake ni ya nyuzi 4 hivi, inatetemeka, inafunguliwa mara hamsini kwa siku, na jirani zake ni vitunguu na dagaa. Kwa miezi kadhaa haina neno. Kwa miaka kumi kizibo kitakauka, na mvinyo utalala usingizi ambao hauukomazi. Kuna friji ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya mvinyo, na hapa nakuomba uwe makini, maana wauzaji wengi hawasemi. Zipo za aina mbili. Zile zisizo na kompresa ni kimya na bei yake ni nafuu, lakini uwezo wake ni wa kushusha joto kwa kiasi fulani tu chini ya joto la chumba. Kwenye chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya zinafanya kazi. Kwenye nyuzi 32 za Dar zinahangaika mchana kutwa na hazifiki 13. Nunua yenye kompresa, hata iwe ndogo. Iweke nyuzi 13 na usiiguse tena. Nafasi zinazobaki zijaze chupa za maji, kwa sababu umeme ukikatika, wingi wa vitu vya baridi ndani ndio unaoshikilia ubaridi. Usiufungue mlango mpaka umeme urudi. Unyevunyevu wa pwani ni rafiki wa kizibo, ila unaotesha ukungu kwenye karatasi, kwa hiyo zungushia kila lebo ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula. Siku ya harusi mtataka mwaka usomeke.

Kama gharama hiyo ni kubwa kwa ajili ya chupa tatu, na sitashangaa ukisema hivyo, ziko njia nyingine mbili. Mkiwa na ndugu wa kuaminika Lushoto au Njombe, chumba cha ndani kisicho na dirisha, chenye kuta nene na sakafu ya saruji, si sawa na ghala la Médoc, lakini kinaishinda Dar kwa mbali. Njia ya pili, na ndiyo ningeichagua mimi, ni shemeji mwenyewe. Majengo mengi ya zamani Ufaransa yana stoo ya chini ya ardhi kwa kila nyumba. Muulize kama yake haipitiwi na mabomba ya maji moto. Kama haipitiwi, mpeni azirudishe safari ijayo, kwenye sanduku la kukabidhi na si begi la mkononi, kila moja imeviringishwa kwenye nguo.

Lakini si zote tatu, na hapa napingana na mume wako kwa heshima zote. Fungueni moja sasa. Chupa zote tatu zimepita njia moja: ghala moja, ndege moja, kabati moja. Hakuna mtaalamu, wala mimi, anayeweza kukwambia kutoka mbali mvinyo huo umefikia wapi. Moja ndiyo itakayozisemea mbili. Mkizifungia zote kwa miaka 12 bila kuonja, mnaweza kufungua mbele ya wakwe na kukuta mlikuwa mkitunza maji ya jemu.

Siku mbili kabla, isimamishe chupa mahali pa baridi ili mashapo yateremke. Siku yenyewe itakuwa inatoka kwenye friji ikiwa nyuzi 4, na mvinyo huu unanyweka vizuri kwenye 16 hadi 18. Iweke mezani kama saa moja. Watu watakuambia mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumba. Msemo huo ulizaliwa katika nyumba za Wafaransa kabla hawajawa na vipasha joto, vyumba vilipokuwa baridi. Chumba hicho si chetu. Kwenye nyuzi 30 kilevi kinaruka puani na kila kitu kingine kinajificha. Ukiona glasi inapata joto, rudisha chupa kwenye friji dakika kumi.

Kizibo kitoe taratibu. Kinuse, kitazame: kiwe na rangi ile ncha ya chini tu. Ukiona mchirizi wa rangi umepanda ubavuni hadi juu, ndiyo njia hewa iliyopita. Halafu mimina kwenye jagi safi la kioo, mkono mmoja, bila kusimama, taa au mshumaa ukiwa nyuma ya shingo ya chupa. Utaona mvinyo safi unapita, kisha kijiuzi cheusi cha mashapo kinakaribia. Hapo acha. Kabla ya kumimina wote lakini, jiwekee kidogo kwenye glasi, uonje ulivyotoka chupani. Onja tena baada ya nusu saa, na tena baada ya saa. Mvinyo wa 2010 ambao harufu yake bado imejificha huwa unafunguka mbele yako, na kuufuata ni raha kuliko kunywa.

Ombi moja zaidi. Nunua na chupa ya mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, wa Dodoma. Mwambie mume wako amimine glasi mbili jikoni akuletee bila kusema ipi ni ipi. Simaanishi kuiaibisha Dodoma. Kule mizabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka chini ya jua letu, na mvinyo wake unapendeza ukiwa mchanga. Nataka pua yako isitawaliwe na lebo. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambalo hadi leo linazungumzwa: waliwapa wanafunzi 54 wa sayansi ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ikiwa macho yaliwaongoza hao, sisi wengine tufunike chupa.

Jaza glasi theluthi tu, iwe kubwa na mdomo wake uwe umejikunja kidogo kwa ndani. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe. Katikati kuwe na giza jekundu, ukingoni kuwe kumeanza rangi ya tofali. Kukiwa na hudhurungi mpaka katikati, kama chai ya rangi, joto limefanya kazi yake.

Nusa kabla ya kuitikisa glasi, kisha izungushe na unuse tena. Usihangaike na majina ya matunda ya Ulaya. Wafaransa watasema kasis, tunda dogo jeusi ambalo wewe na mimi hatukukua nalo. Tafuta zambarau, tafuta forosadi lililoiva. Kisha penseli iliyochongwa sasa hivi. Cabernet Sauvignon, zabibu kuu ya shamba hili, inajitambulisha kwayo mara nyingi. Na usishangae ukikutana na karafuu. Hukukosea. Mwaloni unapochomwa kwa moto ndani ya pipa hutoa ejenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Nimewahi kukaa na waonjaji wa Kifaransa wakitafuta neno kwa dakika nzima, na mimi nilikuwa nimeshafika kwenye jamvi la kuanikia karafuu nikiwa mtoto.

Mdomoni, chukua kiasi cha kijiko kikubwa, usimeze mara moja. Vuta hewa kidogo juu yake, kama unavyopoza uji. Pande za ulimi zitatoa mate: huo ni uchachu, na ni mzuri, ndio unaouweka mvinyo hai. Fizi zitabana: huo ni ukakasi, na swali ni moja tu, wa aina gani? Ukiwa wa bibo, unakwaruza na kukauka, bado mvinyo ni mchanga. Ukiwa kama chai nzito iliyotiwa maziwa, umeshika bila kuparuza, umefika. Meza, kisha hesabu sekunde ambazo ladha inabaki. Wafaransa kila sekunde wanaiita kodali. Kumi au zaidi ni mvinyo wa maana. Ukipotea kwa tatu, aidha umelala, aidha umechoka, na saa moja ya jagini itakwambia ni ipi.

Umeuliza utajuaje kama ni mzima. Maradhi ni machache na pua inayatambua. Boksi lililonyeshewa, gunia bichi lililokaa stoo, tunda lote limezimika: ni kizibo kimebeba kemikali ya ukungu iitwayo TCA. Nanogramu chache tu kwa lita zinatosha kuua harufu. Haina madhara kwa afya na haitokani na kosa lenu. Chupa ya pili inaweza kuwa safi kabisa. Tofaa lililokatwa likaachwa, pamoja na rangi ya hudhurungi, ni hewa iliyoingia. Jemu, zabibu kavu, utamu uliopikika usio na uchangamfu, hilo ndilo joto, na ndilo ninalotaka ulitafute kwa uaminifu.

Mezani weka mbuzi wa kuchoma, au mguu wa kondoo wa tanuri. Huko Médoc kondoo wa Pauillac ndiye mwenzi wa kale wa mivinyo hii, kwa kuwa mafuta na nyama huukamata ukakasi. Chumvi na kitunguu saumu vinatosha. Pilipili na nazi ziachie siku nyingine, zitaufanya mvinyo uonekane mchungu.

Na msimalize chupa. Glasi mbili za mwisho zitie kwenye chupa ndogo ya kioo ijae hadi mdomoni, funga, weka kwenye friji, uonje kesho jioni. Huu ndio mtihani ninaouamini kuliko yote. Hewa ya siku moja ni kama mfano mdogo wa miaka. Kesho ukiukuta uko sawa au umezidi kupendeza, zile chupa mbili zilizobaki zina safari ndefu mbele: tafuteni ubaridi wa kudumu, fungueni ya pili 2028 binti akitimiza miaka 18, muionje naye, na ya tatu isubiri harusi. Ukiukuta umefifia kiasi, utunzeni vizuri lakini msivuke miaka mitano. Ukiukuta umekufa, nyweni zilizobaki mwaka huu pamoja na ndugu, na mwombeni shemeji chupa nyingine ya 2010 ambayo haijatoka ghalani, atakayoileta wiki ya harusi.

Lolote mtakaloonja liandikeni siku hiyohiyo, kwa maneno yenu wenyewe, kwenye daftari lenye tarehe. Na mtakapofikia ile ya tatu, kizibo kitakuwa na miaka zaidi ya 20 na kitakuwa laini kama mkate. Kizibuo cha kawaida kitakikata vipande. Tafuteni mapema kile cha bledi mbili nyembamba zinazopita ubavuni mwa kizibo. Zichomekeni kwa zamu, kulia, kushoto, mpaka zizame, kisha mzungushe huku mkivuta polepole.